Nataka Majilio ya kweli mwaka huu, mume anasema Kanisa limeshanioa

BARUA YA MSOMAJI

Tumsifu Yesu Kristo dada mshauri.

Naomba usiweke jina langu. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kwanza msichana ana miaka 12 na mdogo wa kiume ana 6, nimeolewa ndoa ya Kanisa, kazi yangu ni unesi na nafanya kwa zamu, kuna wiki za mchana na kuna wiki za usiku. Nimebatizwa nikiwa mchanga, nimepata kipaimara, yote, na kusema kweli imani ndio imenisimamisha mpaka leo. Ndio maana hili linaniuma.

Shida yangu ni Majilio, zile wiki za kujiandaa na Noeli. Kila mwaka najiambia safari hii nitajiandaa vizuri, halafu Desemba inakuja na mambo yake, zamu zinaongezeka maana wenzangu wengi wanaomba likizo, wageni, manunuzi, nguo za watoto, kila mtu ananitegemea mimi, nakuja kushtuka ni mkesha wa Noeli na sijasali hata sala moja ya maana. Mwaka jana ndio ilikuwa mbaya zaidi. Nilitengeneza shada la Majilio na mishumaa yake minne nikasema kila Dominika jioni tutawasha mmoja tusali pamoja. Dominika ya pili nimeshika kiberiti mkononi, mdogo anazunguka meza, dada yake yuko na simu, baba yao anaangalia mpira, nikaanza kuwafokea wakae kimya tusali, nimefoka mpaka njiti ikaniunguza kidole. Tukasali, lakini ile sala hata mimi mwenyewe niliona haina kitu ndani. Halafu Misa ya mkesha, kwaya inaimba Utukufu, kengele zinalia, watu wanafuta machozi ya furaha, mimi niko pale nawaza kama nimezima jiko. Sikusikia chochote moyoni. Nilirudi nyumbani sijaongea na mtu.

Mume wangu ni Mkatoliki pia ila aliacha kwenda Misa zamani kidogo, hagombani na mtu kuhusu dini, hapendi tu. Usiku ule alitupeleka na gari akakaa nje kwenye pakingi mpaka Misa ikaisha, mdogo alipoanza kusinzia nikampeleka akalala mapajani kwake.

Sasa mwaka huu nimeamua isiwe hivyo. Nimejiwekea ratiba. Misa ya alfajiri kila siku, hata nikitoka zamu ya usiku napitiliza kanisani moja kwa moja, kufunga Jumatano na Ijumaa, rozari matendo yote kila siku, kutoka kwenye magrupu yote ya WhatsApp mpaka Noeli ipite, na wiki ya mwisho kabla ya Noeli niende mafungo, yaani siku za ukimya na sala, kwenye nyumba ya masista, nimeshaulizia nafasi ipo. Nilipomwambia mume wangu alikaa kimya kwanza, halafu akasema, "Sawa, Kanisa limeshakuoa, mimi nimebaki mpangaji humu ndani." Hakupiga kelele, na hilo ndio limeniumiza zaidi. Binti yangu naye akadakia, "Mama, siku ukisali sana ndio siku unafoka sana." Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nawaza, hivi sio shetani anatumia watu wangu kunizuia? Maana kila ukitaka kumkaribia Mungu vizuizi vinainuka, si ndio tunavyofundishwa?

Kuna kingine, sikutaka kukiandika lakini acha nikiandike. Sijaungama muda mrefu. Mara ya mwisho ilikuwa Kwaresima, sio ya mwaka huu, nilikuwa na jambo zito nalibeba, jambo lenyewe sitalitaja hapa, nilipolitamka padre alinikaripia kwa sauti, yaani kwa sauti mpaka waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Niliinuka nikaondoka kabla hajanipa ondoleo la dhambi. Sikurudi tena, si kwa yule wala kwa mwingine. Komunyo nimeendelea kupokea kwa sababu nikibaki kwenye benchi watu watajiuliza, na watoto pia watauliza. Nimeona labda nikijitahidi kwa sala na kufunga Majilio haya, Mungu ataelewa.

Nisaidie dada. Niendelee na ratiba yangu na kwenda mafungo, au niwasikilize watu wa nyumbani? Na Dominika hii nipokee au nisipokee?

Mama mwenye kiu.

JIBU LA MSHAURI

Milele amina, mpendwa wangu.

Asante kwa kuniamini na ile aya ya mwisho, najua haikuwa rahisi kuiandika, na nitaifikia, tena kwa kirefu, kwa sababu kwangu mimi ndio yenye uzito kuliko yote uliyoandika. Ila acha nianze pale ulipoanza wewe.

Nikikuelewa vizuri unasema kuna Majilio unayoyatamani na kuna Desemba unayoishi, na kila mwaka Desemba inashinda. Mwaka huu ukaamua kupambana nayo kwa nguvu zote, ukapanga ratiba nzito, na wa nyumbani wakahisi wanaachwa. Sasa umebaki katikati kama vile inabidi uchague, Mungu au familia. Na chini ya hayo yote kuna kitubio ulichokiacha katikati. Kama nimekosea mahali utanirekebisha.

Kwanza kabisa hiyo kiu yako uitunze. Wapo watu wengi tu Desemba inapita na hawakumbuki hata kwamba walikuwa kwenye Majilio, wewe umekaa mwaka mzima unaumia kwamba ulifika kwenye hori mikono mitupu. Mtu asiyempenda Mungu haumii hivyo. Sitaki chochote nitakachosema huko mbele ukisikie kama nakuambia punguza kumpenda Mungu, hapana.

Lakini nilivyosoma ratiba yako nilijiuliza kama umeyachukulia Majilio kuwa Kwaresima ya pili. Kanisa linayaanza Dominika iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, kwa hiyo hayapungui siku 22 na hayazidi 28. Ni kweli rangi ni zambarau, ni kweli Dominika zake hatuimbi Utukufu, ila angalia Aleluya, inabaki, haiondolewi kama wakati wa Kwaresima, na Dominika ya tatu padre anaweza kuvaa rangi ya waridi kwa sababu siku hiyo tunaalikwa kufurahi. Kanuni za kalenda ya liturujia za mwaka 1969 zinayaeleza Majilio kama kipindi cha kungoja kwa ibada na furaha. Hata kufunga, sheria ya Kanisa kwenye kanuni ya 1250 inataja siku na majira ya toba, ambazo ni Ijumaa zote za mwaka na kipindi cha Kwaresima, Majilio hayamo. Kwa hiyo Ijumaa yako ina msingi wake, lakini Jumatano na hizo nyingine ni zawadi unayotoa mwenyewe kwa hiari, na zawadi ya hiari mtu ana ruhusa ya kuipima upya bila kujiona amemnyima Mungu kitu. Wewe ni nesi. Angekuja kwako mama anayekesha kazini usiku kucha, hajala, hajalala, halafu anaunganisha kanisani na kutoka hapo anaenda kuandaa watoto, wiki baada ya wiki, ungemwambia nini?

Na hapo ndipo maneno ya binti yako yananigusa. Wewe umemsikia kama mtu anayeisema vibaya sala yako. Mimi namsikia mtoto wa miaka 12 anayesema anachokiona, mama akitoka kusali amechoka, ana njaa, ana usingizi, na kitu kidogo tu kinamwasha. Inawezekana hana ugomvi wowote na rozari. Siwezi kuwa na uhakika maana sikuwepo, ndio maana nakuomba kabla hujalipeleka kwa shetani umuulize mwenyewe, siku moja mko wawili tu mnakunja nguo au mnaosha vyombo, umuulize alimaanisha nini, halafu unyamaze umsikilize mpaka amalize. Ukiuliza kwa kujitetea atakuambia "hamna kitu mama" na mlango utafungwa. Katekisimu inasema wazi kwamba sala ni mapambano, sikatai hilo hata kidogo, vizuizi vipo. Ila sio kila anayekwambia neno la kuuma ametumwa kukuzuia, wakati mwingine ni mtu wako amekukosa.

Mumeo pia. Hilo neno mpangaji ni zito na naelewa kwa nini hulali. Lakini kuna sentensi umeiandika haraka ukapita, kwamba usiku wa mkesha alikaa kwenye pakingi mpaka Misa ikaisha, mtoto amelala mapajani kwake. Angeweza kuwashusha akarudi nyumbani akalala. Sitaki nikutengenezee matumaini ya uongo, simjui, na kukaa kwenye gari sio kuongoka. Nachouliza ni kama una uhakika kwamba ndani ya nyumba hiyo wewe peke yako ndio unayengoja kitu. Na ile ratiba, ulimshirikisha au ulimtangazia? Maana kwenye barua yako nimeona ulishaulizia nafasi kwa masista kabla hujaongea naye. Mtu akipewa taarifa ya jambo lililokwisha kuamuliwa, hata likiwa takatifu kiasi gani, anaona hana sauti, na nadhani ndicho alichokuwa anakisema kwa ile lugha yake. Je, anajua kilichokupata mwaka jana? Ulimwambia kwamba ulisimama pale kwenye Utukufu hukusikia kitu? Nina wasiwasi kwamba yeye ameona mke anayeondoka tu, hajamwona mke anayeumia.

Kuna maneno ya Yohane Mbatizaji kwenye Luka sura ya 3 ambayo mwaka C wa liturujia (mmoja wa ile mitatu ya masomo ya Misa inayozunguka) tunayasikia Dominika ya tatu ya Majilio. Watu wanamwendea jangwani wanamuuliza, tufanye nini? Anawaambia mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Wanakuja watoza ushuru, kazi iliyokuwa inachukiwa na kila mtu, anawaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa. Wanakuja askari, anawaambia wasimdhulumu mtu na watosheke na mshahara wao. Yeye mwenyewe anaishi jangwani na vazi la singa za ngamia lakini hakuna hata mmoja aliyemwambia abaki naye huko. Kila mtu alimrudisha kwenye kazi yake na nyumba yake akaishi tofauti. Mimi hiyo sehemu huwa naipenda sana, na nikiwafikiria watu wa zamu kama wewe naipenda zaidi, kwa sababu mgonjwa unayemgeuza kitandani saa tisa usiku ili asipate vidonda naye yumo kwenye jibu la Yohane.

Kuhusu kutosikia chochote kwenye Misa ya mkesha, naona umelichukulia kama hukumu, kwamba kama ungejiandaa vizuri ungesikia. Sina uhakika mambo yanakwenda hivyo. Mtakatifu Teresa wa Calcutta aliishi miaka mingi sana kwenye giza la ndani, hasikii utamu wowote, na dunia ilikuja kulijua hilo vizuri barua zake zilipotoka mwaka 2007, yeye ameshafariki. Hakuna anayesema alijiandaa vibaya. Uchovu unaweza kuzima hisia, huzuni inaweza, na jambo ulilolibeba muda mrefu bila kulisema nalo linaweza. Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, yule abati wa karne ya 12, alifundisha kwamba kuna kuja mara tatu kwa Bwana, alikuja mara ya kwanza katika mwili, atakuja mwisho katika utukufu, na hapo katikati anakuja kimya kimya ndani ya mtu, kuja ambako hakuonekani kwa macho. Ukiyaelewa Majilio hivyo, hata tarehe 25 ikikukuta mkavu haimaanishi hakuna aliyekuja.

Sasa tuje kwenye kitubio.

Dada, kilichokupata hakikupaswa kukupata. Kanuni ya 978 inamkumbusha padre kwamba akiungamisha yeye ni hakimu na ni tabibu kwa pamoja, amewekwa hapo kwa ajili ya haki na huruma ya Mungu. Ulikwenda na kitu kigumu, ukapata ujasiri wa kukitamka, ukaaibishwa mbele ya watu. Nasikitika sana, na sishangai kwamba ulikimbia. Hao waliokuwa kwenye foleni, kama kuna kitu walisikia, nao wanafungwa na siri hiyo hiyo. Watu wengi wanadhani ni padre tu, hapana, kanuni ya 983 baada ya kumtaja padre inasema kila mtu mwingine aliyepata kujua dhambi kwa njia ya maungamo, iwe kwa namna yoyote ile, ana wajibu wa kutunza siri. Hawana ruhusa ya kulizungumza popote.

Nikuulize kitu, na unijibu ndani ya moyo wako sio kwangu. Hiyo ratiba yote, Misa za alfajiri, kufunga, rozari matendo yote, mafungo, inawezekana kwamba ni namna ya kulipia kitu ambacho unaogopa kwenda kukiomba bure? Naweza kuwa nimekosea kabisa. Lakini umeandika mwenyewe kwamba ukijitahidi labda Mungu ataelewa, na hapo nikasimama. Wewe unajua kidonda kinakuwaje kikibadilishiwa bandeji mpya kila siku, safi, nyeupe, imefungwa vizuri, na ndani hakuna aliyekisafisha.

Mungu anaelewa tayari. Ulivyoondoka bila ondoleo, sakramenti haikukamilika, hilo lazima niseme wazi nisikudanganye, lakini yale majuto yaliyokupeleka pale hayakupotea bure. Katekisimu kwenye namba 1452 inafundisha kwamba majuto makamilifu, yaani kujuta kwa sababu unampenda Mungu kuliko vyote, yanapata hata ondoleo la dhambi za mauti kama mtu ana nia thabiti ya kwenda kuungama mapema iwezekanavyo. Kwa hiyo mlango haukufungwa siku ile, umebaki tu na hatua ya kumalizia.

Namna ya kuimalizia iko mikononi mwako zaidi ya unavyofikiri. Hakuna anayekulazimisha kurudi kwa padre yule, kanuni ya 991 inampa kila muumini uhuru wa kuungama kwa padre mwenye mamlaka anayemtaka mwenyewe, hata parokia nyingine kabisa. Kanuni ya 964 inataka kuwe na viti vya maungamo vyenye wavu kwa ajili ya wanaopenda kuvitumia, kwa hiyo kama kuonekana uso ndio kunakutisha, tafuta wavu. Parokia nyingi wakati wa Majilio huandaa ibada ya toba na mapadre kadhaa, unachagua unayemtaka, ila ujue foleni zinakuwa ndefu na padre naye anakuwa na haraka, na kwa mtu aliyeumizwa kwenye foleni sijui kama hapo ndipo pa kuanzia. Njia nyingine ni kumwomba padre miadi siku ya kawaida, mapema, kabla ya ile wiki ya mwisho wanayochoka wote. Ukifika mwambie tu, "Padre, mara ya mwisho nilikaripiwa nikakimbia kabla ya ondoleo, naogopa, naomba unisaidie." Nadhani wengi wakisikia hivyo watakwenda na wewe polepole. Sikuahidi wote, maana ni binadamu, na inawezekana ukakutana tena na mtu mkavu. Hiyo hatari ipo. Upande wa pili kuna hatari ya kuendelea kukaa hivi, na hiyo unaijua vizuri kuliko mimi.

Nirudi kwenye ratiba na mafungo.

Ukiamua kuishika yote kama ilivyo, ninavyoona unaweza kupata ukimya unaoutamani sana, na mafungo ya kweli yanaweza kumgeuza mtu, pengine ndio mahali utakapopata padre wa kukusikiliza bila haraka. Lakini utakuwa umemwachia mumeo nyumba na watoto wiki ngumu kuliko zote huku ana hilo neno la mpangaji moyoni, na ukirudi unaweza kukuta ukimya mwingine. Ukiamua kuiacha yote ili amani iwepo, amani itakuwepo labda mpaka tarehe 20 hivi, halafu nahisi utaanza kuwadai kimya kimya, kila sahani utakayoosha utakuwa unahesabu sala uliyonyimwa, nimeona ndoa zikichoka kwa namna hiyo. Kuna pia kupunguza, sema mafungo yakasogezwa wiki ya kwanza au ya pili, au yakawa siku moja tu uliyopangiwa mapumziko, mkikaa na mumeo mkaangalia kwa pamoja lini ataweza kubaki na watoto bila kuelemewa. Hatari ya hii ni kwamba wewe ni mtu wa kujidai mengi, unaweza kuona umefanya nusu nusu ukajilaumu tena.

Misa ya alfajiri ukiweza zile wiki za mchana, umelala, umeoga, nenda kwa furaha. Zile wiki za usiku jiulize kwa ukweli. Magrupu ya WhatsApp hilo sina la kusema, toka tu, hakuna atakayeumia.

Kama unatafuta kitu kidogo cha kushika, kuanzia tarehe 17 mpaka 23 Desemba masifu ya jioni ya Kanisa yana antifona moja ya pekee, yaani kiitikio kifupi, kila siku, kila moja inamwita Kristo kwa jina tofauti. Ya tarehe 20 inamwita Ufunguo wa Daudi, anayefungua na hakuna awezaye kufunga, inamwomba aje amtoe mfungwa gerezani. Ukiisali pamoja na wimbo wa Bikira Maria haimalizi hata dakika tano, unaweza kuisema kwenye chumba cha kubadilishia nguo kabla zamu haijaanza. Mimi ningekuwa wewe hiyo ya tarehe 20 ningeitafuta mapema nikae nayo.

Na shada, usiliache kwa sababu ya mwaka jana. Kama unaona inafaa mwombe baba yao ndio awashe njiti, amshike mdogo mkono wawashe pamoja, halafu sala iwe Baba Yetu moja tu na wimbo mmoja. Asipotaka usimlazimishe, wala usilichukulie kama kipimo cha imani yake, washa na watoto umwache na mpira wake.

Swali lako la mwisho, upokee au usipokee Dominika hii. Kukuamulia dhamiri yako siwezi na sitajaribu. Kanisa linafundisha, kanuni ya 916, kwamba anayejua ana dhambi kubwa asipokee bila kuungama kwanza, isipokuwa pakiwa na sababu nzito na hakuna nafasi ya kuungama, hapo anatakiwa afanye tendo la majuto makamilifu lenye nia ya kuungama mapema iwezekanavyo. Kama lile jambo lako ni dhambi ya mauti kweli mimi sijui, maana jambo zito peke yake halitoshi, lazima ulijua na uliridhia kwa hiari, na watu wenye dhamiri nyepesi kuumia kama wewe mara nyingi hujihukumu zaidi. Padre atakusaidia kulipima hilo. Ila hofu ya watu kwenye benchi naomba uiweke chini. Kupokea kila Misa si amri, sheria inatutaka angalau mara moja kwa mwaka, kipindi cha Pasaka. Mtu anaweza kubaki kwenye benchi kwa sababu tu alikula kitu ndani ya ile saa moja ya kufunga kabla ya komunyo, na hakuna anayejua sababu ya mwenzake. Watoto wakiuliza unaweza kuwaambia leo mama bado anajiandaa, na watakuelewa kuliko unavyofikiri, hasa huyo wa miaka 12.

Angalia zamu zako za wiki hii, uone kama kuna saa moja ya kumtafuta padre kabla ya Dominika. Na uniandikie tena ukipenda, hata kama utakuwa bado hujaenda.